Petroli ya Shemeji

"Dumu langu la petroli, shemeji. Sidai kingine. Dumu langu, limejaa mpaka shingoni, uliondoka nalo hapa mlangoni umelikumbatia kama mtoto mchanga, na mpaka leo sijaliona. Si dumu, si petroli."

Aliyesema hivyo alikuwa fundi magari, amesimama katikati ya chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Aliyeambiwa alikuwa kaka wa mkewe, amekaa kwenye stuli, kikombe cha chai ya nyumba hiyohiyo mkononi. Chumba hicho ndicho mkewe alichoshonea nguo, na siku hiyo palikuwa na wateja: mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni, na mwenzake aliyekuja kumsindikiza, maana kupimwa kiuno bila shahidi hakunogi. Wote wawili wakatazama dari, kama wafanyavyo watu wanaotaka kusikia vizuri.

"Nitakuletea kesho, shem," kaka mtu akasema.

Jibu hilo ndilo lililompa jina. Mtaa mzima ulimwita Kesho. Alikuwa na kipikapu chake kilichochakaa, akibebea watu mizigo, makochi na saruji na masanduku ya wanaohama, na kwa mkono huohuo akiazima kila kilichoazimika: jeki, kamba, ngazi, mwavuli. Hakuwa mwizi. Alikuwa msahaulifu mwenye tabasamu, na watu wa namna hiyo huchosha kuliko wezi, maana huwezi kuwapigia kelele ukaonekana una haki.

"Kesho yako hiyo imeota ndevu," fundi akasema. "Kazi yako ni kuja, kukaa, kunywa chai na kunicheka. Nani alisema kwa kinyozi kwamba mimi na gari langu tutazikwa nusu njia? Si wewe? Unanicheka na petroli yangu imo tumboni mwa gari lako."

"Ule ulikuwa utani, shem."

"Na petroli nayo ilikuwa utani?"

Mkewe akasimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Baba watoto," akasema, "petroli hiyo ndiyo iliyompeleka mama yangu hospitali. Unakumbuka, au nikukumbushe?"

"Nakumbuka. Na mama simdai. Namdai huyu, aliyesema atalirudisha jioni ileile."

Kesho akaweka kikombe chini. Kilikuwa bado nusu, na tangu aijue nyumba ile hajawahi kuacha chai ndani ya kikombe. Akasimama, akajipangusa suruali isiyokuwa na vumbi. "Sawa, shem," akasema. "Nimekusikia. Na hawa nao wamesikia." Akatoka bila kuaga wala kutania, na mlangoni akainama kana kwamba kimo chake kimeongezeka, kumbe ni kichwa tu kimekuwa kizito.

"Umefurahi?" mkewe akauliza.

Fundi akaelekea uani. Alikuwa amefurahi, ndiyo, kwa muda wa kutoka pale mpaka uani. Alipofika uani na kuliona gari, furaha yote ikamtoka, kama ilivyokuwa ikimtoka kila asubuhi akilitazama.

Naye alikuwa na jina, na halikuwa zuri kuliko la shemeji yake. Walimwita Nusunjia.

Nje ya mji palikuwa na uwanja wa ndege wa zamani, uwanja ambao ndege waliobaki kutua ni kunguru. Kila mwaka ardhi ikikauka, wenye magari ya mbio hukutana pale. Mbio zenyewe si za kuzunguka. Magari mawili yanasimama bega kwa bega, taa ikigeuka kijani unakanyaga mpaka mstari wa mwisho, na kufumba na kufumbua mambo yamekwisha. Mtu anajinyima mwaka mzima kwa ajili ya jambo ambalo mtazamaji akiinama kufunga kamba za viatu hakuti kitu. Nusunjia aliingia mbio hizo tangu nywele zake zingali nyeusi, na hajawahi hata mara moja kuufikia mstari wa mwisho.

Mwaka wa kwanza shafti ilikatika taa ilipowaka. Mwenzake akaondoka, yeye akabaki pale akinguruma kama mwenda wazimu. Mwaka mwingine klachi iliungua, moshi ukatanda mpaka wauza soda wakafunga biashara. Halafu ikaja zamu ya gasketi. Halafu bomba la hewa likachomoka kwa ajili ya kibano kimoja ambacho aliwafungia watu wengine maelfu bila kukosea. Hapo ndipo mshika kipaza sauti, mtangazaji wa mbio hizo, aliposema, "Mheshimiwa Nusunjia ametuaga tena," na jina likamganda.

Na huyu ndiye fundi ambaye mchana, gereji kwa mwajiri wake, watu walipanga foleni kumsubiri. Akisikiliza injini yako hakuuliza imeanza lini. Aliinamisha kichwa, akakwambia. Magari aliyoyafufua yalikuwa barabarani kila upande, yanapeleka watu harusini na kazini na makwao. Kila gari aliloligusa la mtu mwingine lilifika. La kwake tu ndilo lililokataa. Zamani alilichukulia jambo hilo kama bahati mbaya. Sasa alikwisha kuacha kuliita bahati. Aliona ni yeye mwenyewe alivyo, kama mtu alivyo mfupi au mweusi, na kwamba hakuna spana ya kulifungua.

Ila mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Uwanja ulikuwa umeuzwa. Nguzo za uzio zilikwisha kuchimbiwa, na kibao kimewekwa kuonyesha maghala yatakayojengwa, yamechorwa na miti ambayo kila mtu alijua haitapandwa. Baada ya mashindano hayo hapatakuwa na mstari wa mwisho wa kuufikia. Asipoufikia safari hii, atakufa anaitwa Nusunjia, na wajukuu watadhani ndilo jina alilopewa na babake.

"Na ukifika?" mkewe aliwahi kumuuliza. "Ukifika kule mwisho kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndiyo nauliza."

"Kuna kufika, mama. Basi."

Mkewe akamwangalia, akarudi kwenye pindo lake. Hakuwa mtu wa kumkatia mume tamaa; alikuwa amechoka tu kumkuta ameikata mwenyewe kila mwaka na kuanza kuiunga upya chumbani mwa watoto. Maana injini ile ilifungwa chumbani. Watoto walipokua na kuondoka, wake wengine wangepata sebule. Yeye alipata kizibo cha mafuta juu ya godoro na sufuria yake kubwa imegeuzwa karai la kuoshea nozeli.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida, la kwendea sokoni. Na sokoni bado lilikwenda. Siku za wiki lilimpeleka mama cherehani kununua vitambaa, amekaa mbele, marobota nyuma juu ya bati tupu, kwa sababu viti vya nyuma vilikwisha kung'olewa kupunguza uzito. Chini ya boneti ndipo palipokuwa na mambo. Palikuwa na turbo, kidude kama konokono wa chuma, kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi, na matatizo kwa kiasi hichohicho. Plagi alizibana midomo, maana upepo wa turbo huzima cheche kama mtoto anayepuliza mshumaa. Shafti alichongesha nene. Matairi ya mbele aliweka laini, ya kupunguzwa upepo yakifika uwanjani ili yashike lami. Vibano vya mabomba ya hewa alivifunga viwili viwili, kisha akavizungushia waya, kisha akaona aibu akautoa waya, kisha akaurudisha.

Kilichobaki ni pistoni. Hizo zilikuwa zilezile za kiwandani, na za mbio hakuziweza. Hapo ndipo ilipoingia spiriti.

Turbo ikisukuma kwa nguvu, injini inapata joto, na petroli ya kawaida kwenye joto lile hulipuka kabla ya zamu yake, pistoni ingali inapanda. Ni kama kupigwa nyundo kutoka ndani. Spiriti inavumilia, tena inapoza. Kwa hiyo tanki la gari lile halikuwa na petroli ya kituoni. Lilikuwa na mchanganyiko wake, spiriti nyingi na petroli kidogo, na moshi wake ulinuka hospitali na kilabu cha pombe kwa pamoja.

"Nimeolewa na mtu asiyekunywa," mkewe alisema, "nikaletewa gari mlevi."

Ubaya wake ulikuwa asubuhi. Kukiwa na baridi, gari lenye spiriti halitaki kuamka. Unazungusha ufunguo, linakohoa, unazungusha tena, linakohoa, jirani anaamka, mbwa wa jirani anaamka, gari ndilo la mwisho.

Mchanganyiko huo ulikuwa siri. Watu wa mbio ndivyo walivyo: atakuonyesha jeraha lake, atakuonyesha hata picha za harusi yake, lakini anachotia tankini hasemi. Nusunjia alileta spiriti nyumbani kwenye madumu ya mafuta ya kupikia, ameyafunika kwa vitambaa vya mkewe. Kesho aliwahi kunusa, akauliza, "Shem, mbona huku kunanuka dawa?"

"Nasafishia vyuma," fundi akamjibu.

Ni uongo mdogo tu, wa kumfukuza mtu mdaku. Kesho akauamini, maana yeye huamini kila anachoambiwa na ndiyo sababu anadhani wengine nao wanaamini kesho yake.

Waliojua ni mkewe, kwa kuwa pua ya mke haifichwi kitu, na Kidole. Kidole alikuwa mtu wa kompyuta, aliyechomeka waya kwenye ubongo wa gari na kulipangia ni mafuta kiasi gani na cheche wakati gani, akiandika kwa kidole kimoja cha shahada kama anayeshitaki mtu. Alifanya kazi yake uani siku chache kabla ya mashindano, hakucheka hata kidogo, na alipomaliza akafunga kompyuta kwa kofi.

"Nimekaza mpaka mwisho, mzee," akasema. "Kwa hiyo pombe yako litavumilia. Halina nafasi ya kukosea tena, uelewe. Ukilitia petroli tupu na mipango hii, usinipigie simu. Mpigie muuza vyuma chakavu."

"Nitie petroli nina wazimu?"

"Nakwambia tu. Watu wana mambo."

Tangu siku ya maneno ya dumu, Kesho hakukanyaga pale. Wiki nzima stuli yake ilikaa tupu, na mkewe aliweka juu yake rundo la vitambaa, kisha akaliondoa, kana kwamba mtu angerudi wakati wowote. Hakumgombeza mumewe. Alimpakulia, akamjibu, akamfulia. Nusunjia alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Akajiambia: nikishakimbia, nitamfuata shemeji, nitamwambia yamekwisha. Ila nikimbie kwanza. Hakuwa na nafasi ndani yake ya mambo mawili.

Jioni ya kuamkia mashindano alipima tanki kwa kijiti, maana geji ya mafuta ilikufa alipobadilisha pampu na hakuhangaika nayo. Kijiti kikatoka kimelowa kiasi alichotaka, kidogo tu, ili gari liwe jepesi. Akafunga kifuniko. Hakikuwa na ufunguo. Gari lilikuwa uani mwake, nani angeligusa?

Asubuhi akaenda kuoga. Alipotoka amevaa shati lake safi, alimkuta Kesho amekaa kwenye kizingiti cha uani, anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Za asubuhi, shem," Kesho akasema.

"Nzuri."

Wakatazamana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kusema, na hakuna aliyeichukua. Nusunjia akaingia garini. Asubuhi ilikuwa ya baridi, pumzi zinaonekana. Akajiandaa kwa ule ugomvi wa kila siku wa kulibembeleza gari, akazungusha ufunguo, na gari likawaka. Mguso mmoja. Likatulia, likanguruma taratibu kama gari la padri.

Fundi mwenye akili zake siku hiyo angeshuka. Gari la mteja lingefanya vile, yeye mwenyewe angesema zima, fungua tanki, tunuse. Lakini halikuwa gari la mteja. Lilikuwa lake, lililomkatalia miaka yote, na leo limeitika kabla hajamaliza kuliita. Akaweka mkono juu ya dashibodi, akauacha pale.

"Leo limeamka vizuri," Kesho akasema, anatabasamu mpaka jino la nyuma.

Mkewe akatoka amejifunga kitambaa kichwani. Hajawahi kwenda uwanjani. Safari hii alikwenda, kwa kuwa ya mwisho. Akafungua mlango, akasimama, akavuta hewa puani. "Mbona leo halinuki ulevi wake?"

"Panda, mama. Usilitie mkosi."

Akapanda. Njia nzima gari lilikwenda kwa adabu, na kipikapu cha Kesho kikiwafuata nyuma, kinatikisika. Mwendo wa polepole hauhitaji turbo, na petroli ya aina yoyote ingefaa. Hilo nalo Nusunjia alilijua kama anavyojua jina lake. Hakutaka kulifikiri, basi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na hakika, na hakika ilikuwa tamu, na hakuwa na mpango wa kuichunguza.

Uwanjani palijaa. Mshika kipaza sauti alipoliona gari akasema wenye machela na walete, wenye kamba za kuvutia magari nao wajiandae; watu wakacheka, bila chuki, wakicheka kama mtu anavyomcheka mjomba wake. Nusunjia hakugeuka. Akapunguza upepo wa matairi, akainama chini ya boneti, akashika kibano kimoja kimoja. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mkewe alisimama kwenye uzio pamoja na kaka yake, mikono imeshika waya.

Akaitwa. Akasogea mstarini, pembeni yake gari jekundu la kijana fulani ambaye hakujali hata kumtazama. Taa ikageuka.

Likaondoka. Shafti zikashika, klachi ikashika, matairi yakalia kidogo yakatulia, na turbo ikaanza kupanda, ule mluzi wake mwembamba ukikua na kukua mpaka mgongo ukabanwa kitini. Gia ya pili. Lile jekundu lilikuwa mbele kidogo, halafu halikuwa mbele. Gia ya tatu. Nusu ya njia ikapita. Akaiona inapita, alama yake nyeupe pembeni, alama aliyoijua kuliko mlango wa nyumbani kwake. Ilikuwa nyuma yake sasa, na mbele kulikuwa na lami ambayo hajawahi kuikanyaga.

Hapo ndipo aliposikia. Kokoto ndani ya kopo. Sauti ndogo, kavu, kutoka chini ya miguu yake, na masikio yaliyolisha familia kwa kusikia sauti hiyo hayakukosea. Injini ilikuwa inagongwa kutoka ndani. Bado palikuwa na nafasi ya kuondoa mguu. Angekuwa mteja, angemwambia ondoa mguu. Mguu wake mwenyewe ukabaki palepale, ukakandamiza zaidi, maana mstari wa mwisho ulikuwa unaonekana, mweupe, unakuja.

Pistoni moja ikasalimu amri. Kishindo, halafu chuma kikavunja chuma, halafu kitu kikatoka ubavuni mwa injini na boneti ikaruka juu kidogo kwa ngumi ya ndani. Oili ikatapakaa kwenye kioo. Nguvu yote ikakata, na ukimya ulioingia garini ulikuwa mkubwa kuliko kelele zote za kabla yake.

Lakini gari lilikuwa bado linakwenda. Mwendo ulikuwa mkali, barabara tambarare. Akikanyaga klachi na kukaa kimya, lingeteleza lenyewe mpaka mstarini na kupita. Lingefika. Haijalishi nani atasema nini, lingefika, limekufa lakini limefika, na jina lingekatika.

Na nyuma yake kungebaki mchirizi wa oili moto, katikati ya njia, mpaka mwisho. Angetokea msafishaji, angemwaga mchanga, angefagia nusu; watu wana haraka. Halafu wangeitwa wawili wengine, vijana, matairi laini, na mmoja angeikuta oili ile akiwa kwenye gia ya tatu. Nusunjia aliona magari yaliyokuta oili. Aliwahi kuletewa moja gereji. Hakulitengeneza, waliomba turubai la kulifunikia tu.

Akakata usukani, akaingia majanini. Gari likaruka, likajikwaa kwenye mashimo ya nguzo za uzio mpya, likasimama. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, mbele yake kidogo. Angeweza kuupiga jiwe.

Hakushuka. Alikaa, mikono juu ya usukani, akitazama oili ikishuka kwenye kioo. Hakulia. Kulia kunataka mtu awe na kitu kinachomtoka, na ndani yake hamkuwa na kitu tena. Kwa mbali alisikia kipaza sauti kikianza kusema jina lake, kisha kikanyamaza. Hata yule mtu safari hii alikosa maneno.

Mkewe ndiye aliyefika kwanza, amevua viatu, ameshika mkononi. Hakusema pole. Alifungua mlango, akachuchumaa nje pale majanini, akamshika goti. Halafu fundi akashuka, kwa sababu mwili wa fundi huenda wenyewe kwenye gari bovu, akazunguka mpaka nyuma, akafungua kifuniko cha tanki, akainama.

Petroli. Petroli ya kituoni, safi, imejaa mpaka karibu na mdomo. Spiriti imezama humo kama chumvi kidogo kwenye mto.

Akabaki ameinama. Mkewe aliona mgongo wake ukisimama ghafla, akanusa naye, akaelewa nusu. Nusu nyingine ikaja kwa miguu yake, inahema, imebeba dumu.

"Pole, shem," Kesho akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakuyaficha. "Pole sana. Lakini leo umepita nusu. Nimeona kwa macho yangu. Nimewaambia wale pale, huyu leo amepita nusu, anayebisha aje aniambie mimi." Akameza mate. "Nami nisikuchoshe na yangu siku kama hii, lakini nimekaa nalo moyoni. Lile deni nimelilipa. Asubuhi, ulipokuwa unaoga. Nimekutilia yote tankini, na ya juu kidogo, kwa ule muda niliokuchelewesha. Nilitaka leo ukimbie kwa petroli yangu. Ningekupa mkononi, ungesema maneno. Na dumu lako hili hapa. Nimelisuuza."

Akalinyoosha. Lilikuwa limesuuzwa kweli, linang'aa, hata kifuniko kimefungiwa uzi kisipotee.

Mkewe akafungua mdomo. Ni mwanamke ambaye maneno hayakumkwama popote. Angeweza kumwelezea kaka yake, kwa sentensi moja, alichokifanya, na Kesho angekuwa nayo mpaka kaburini. Lakini alimtazama mumewe kwanza.

Nusunjia alikuwa anamtazama Kesho. Alimwona kwenye stuli, kikombe nusu. Alijisikia mwenyewe akisema si dumu si petroli, mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alijisikia akisema nasafishia vyuma. Aliliona gari likiwaka kwa mguso mmoja, na mkono wake ukawa juu ya dashibodi. Alitafuta mahali pa kumlaumu mtu huyu, akazunguka pote, na kila alipofika alijikuta mwenyewe amekwisha kutangulia.

Akamtingishia mkewe kichwa, kidogo sana. Mkewe akafunga mdomo, akageuka, akaanza kuvaa viatu vyake, akihangaika na kamba zisizokuwa na tatizo lolote.

"Ni nini kilichokatika, shem?" Kesho akauliza. "Pampu?"

"Pistoni," fundi akasema. "Zilikuwa za zamani."

"Nilikwambia ubadilishe."

"Ulinambia."

Akalipokea dumu. Lilikuwa jepesi, na hakuwa na mahali pa kuliweka, kwa hiyo akalishika tu. Kesho akaenda kuleta kipikapu na kamba, kamba ya fundi mwenyewe, aliyoiazima zamani. Akaifunga mbele ya gari kwa fundo zuri, akaivuta kuijaribu. Kisha akasimama hapo, hajui aende au akae.

"Shem," akasema, "hatudaiani, si ndiyo?"

Nusunjia akaingia garini, akakaa, akaliweka dumu mapajani, akashika usukani wa kuvutwa.

"Hatudaiani, shemeji," akasema. "Vuta taratibu."